Fumba Macho Kwanza

Sisi tunaosomea ubingwa wa patholojia tunawekewa macho ya hadubini mwaka wa kwanza, na hayatolewi mpaka tuhitimu. Nikimtazama mtu naona seli zake. Uso wake siuoni.

Likizo ya kwanza nilimkuta shangazi Mwasiti akimenya vitunguu, nikaropoka mbele ya mawifi zake wote, "Shangazi, una saratani ya titi!" Alitibiwa, akapona. Lakini tangu siku hiyo, kila nikipiga hodi nyumbani Tanga, nasikia khanga zikikung'utwa, na wote wananipokea wamejigubika kama wafiwa. Siwalaumu. Nani anataka kupimwa na mtoto wake wakati wa kula?

Kwa hiyo mama amenibakia sauti tu. Ana mwanya, na ana kidoti shavuni, nadhani shavu la kushoto. Hiyo "nadhani" inaniuma kuliko mitihani yote.

Jana nilimsihi. "Mama, jifunue kidogo. Nina hamu na wewe."

"Fumba macho kwanza."

Nikafumba. Nikasikia khanga ikianguka, kisha akanivuta, akanilaza kichwa shingoni pake kama alivyonibembeleza utotoni. Nikanusa mafuta ya nazi na moshi wa jikoni. Nilitamani kulia kwa raha.

Chini ya shavu langu palikuwa na uvimbe, mgumu, usiosogea.

"Mama..."

"Najua," alisema, akanizibia macho kwa kiganja. "Usifumbue. Daktari aje kesho. Leo nimemtaka mwanangu."