Kuni za Salamino

Tangu nivunjike nyonga, leo ndiyo mara ya kwanza kufika shambani. Niliinua jani la mzabibu, nikakuta kichala chenye zabibu tano. Cha pili kilikuwa na tatu, ndogo kama pilipili manga.

"Ermes! Hebu njoo hapa!"

Mwanangu alikuja akijifuta jasho.

"Ile mistari ya mizabibu ya Salamino iko wapi?"

"Niliing'oa ulipokuwa kitandani, Mama. Si mvinyo wetu ni lambrusco ya Sorbara? Sasa shamba ni Sorbara tupu. Safi!"

"Safi nini, wewe! Sorbara ni jike. Bila chavua ya Salamino jirani, maua yake hupukutika tu. Unadhani babu yako aliipanda iwe pambo?"

Alikishika kile kichala, akakigeuza huku na huku, kama anayetafuta zabibu zilizojificha. Miche mipya itachukua miaka mitatu kuchanua. Mimi nina themanini na moja.

"Angalau mashina yake umeyaweka wapi?"

Ermes akainamisha kichwa.

"Si ndizo zile kuni, Mama? Ulizisifu mwenyewe. Ulisema hujawahi kuota moto mtamu vile."