Kikaango Chenye Pengo

"Nimesema inapanda juu, na inapanda leo," Verlene Stidham aliwaambia wabebaji, mwenyewe kashika pembe moja ya picha.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mhifadhi wa sanaa za Marekani katika makumbusho makubwa ya Cincinnati, na mdomo wake haukuwa na breki. Picha yenyewe ilikuwa imelala ghala la chini tangu kabla hajaajiriwa. Aliyeichora ni Orpha Napier, mke wa mchimba makaa, mwaka wa mgomo. Wanawake wa Cutler Fork, huko milimani Kentucky, wamejipanga katikati ya barabara na mafagio yao, mbele ya walinzi wa kampuni wenye bunduki. Wa mbele kabisa kainua kikaango cha chuma chenye pengo ukingoni. Hacheki, halii. Anangoja mtu amguse aone.

Kampuni ile ilikuwa ya babu wa Thurman Ashcombe. Na Thurman Ashcombe, tazama mambo ya dunia, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya makumbusho.

Picha haikufika mbali. Ashcombe alikuwa amesimama juu ya ngazi, mikono mfukoni.

"Irudi chini."

"Hairudi."

"Bibi Stidham, itundike ukumbini, na mimi nitatundika barua yako ya kufukuzwa pembeni yake."

"Basi tumia msumari imara, watu waisome vizuri."

Wabebaji wakatazama sakafu. Wana watoto wa kulisha, nani atawalaumu? Picha ikarudi ghalani.

Jamani, kuna watu na viatu. Tangu Verlene aanze kazi pale, aliloomba yeye, Ashcombe alilipinga. Akitaka ukuta wa kijani, unapakwa njano. Akiomba vyungu vya wafinyanzi, zinaletwa picha za farasi. Farasi! Makumbusho yalikuwa na farasi wa kutosha kufungua zizi.

Mchana ule mkurugenzi, Lenore, alimkuta ofisini anakula chakula chake cha siku zote, mkate wa mahindi uliovunjwavunjwa ndani ya glasi ya maziwa mgando.

"Msomi mzima, unakula kama mtu wa porini," Lenore alimtania. Kisha akavuta kiti. "Sikiliza, dada. Bodi inakutana kesho, na Ashcombe anataka kuiondoa kabisa picha ile. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe shingo yako haijui hilo. Mwombe radhi tu, yaishe."

"Nimwombe radhi yule? Ng'o!"

Akamaliza maziwa yake, akajifuta mdomo.

Kesho yake sauti yake ilisikika hadi kwa mkata tiketi. Bodi nzima ilikuwa imekaa, na yeye peke yake kasimama.

"Kama hamtaki kuitundika, iuzeni! Iuzeni New York, ikapate ukuta wenye watu."

"Ili magazeti yaanze kumchambua babu yangu?" alisema Ashcombe. "Haiuzwi."

"Basi wapeni Chicago. Wapeni hata watu wa ng'ambo. Popote, ila msiende kuizika Cutler Fork kwa wale wa makumbusho ya kijiji wanaoiomba kila mwaka! Makumbusho gani yale? Ni posta ya zamani tu. Wataitundika kati ya buti za wachimbaji na chupa za achari. Mgeni wao wa mwisho alikuwa amepotea njia!"

Ashcombe akaegemea kiti. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akatabasamu.

"Kwa hiyo huko hakuna atakayeiona."

"Hakuna! Nakusihi, Bwana Ashcombe. Kule hapana."

Na hapo Verlene, ambaye hakuna aliyewahi kuona chozi lake, akalia. Akainama mezani, uso ndani ya viganja, mabega yanamtikisika. Lenore alishindwa kumtazama.

"Iende Cutler Fork," alisema Ashcombe. "Wapewe moja kwa moja, na isirudi hapa kamwe."

Mikono yote ikainuka. Mwoga hujulikana kwa mkono wake, na siku ile walijulikana wote.

Lenore alimfuata koridoni, macho mekundu. "Pole, mwenzangu. Pole sana."

"Desturi ni desturi," Verlene alisema, akipenga kamasi. "Picha haisafiri bila mtu wa makumbusho. Nitaisindikiza mwenyewe."

"Utajiumiza bure. Mwache mtu mwingine aende."

"Nitaisindikiza mwenyewe, Lenore."

Lori lilipanda milima hadi masikio yakaziba. Dereva, aliyekuwa amesikia habari za kikao, hakutaka kumchokoza Verlene msibani.

Walipoingia Cutler Fork, barabara ilikuwa imefungwa. Wanawake walikuwa wamejipanga katikati yake, vikongwe, mama wa watu na wasichana wa shule, kila mmoja na fagio mkononi. Dereva akakanyaga breki.

"Bibi, hawa nao wanataka vita?"

Verlene alikuwa keshashuka, mlango kauacha wazi.

Mbele ya wanawake wale alisimama kikongwe mmoja mwembamba, kashika kwa mikono miwili kikaango cha chuma chenye pengo ukingoni. Mkate wa mahindi ndani yake ulikuwa bado unafuka mvuke.

"Umekonda, Verlene," alisema kikongwe. "Haya, niambie. Wale watu wako walikupa ulichoomba?"

"Wapi, Mama," alisema Verlene, akimega kipande. "Wamenikatalia kila kitu."