Sahihi ya Jumanne

Dobi wa kambi alishika wembe kwa vidole viwili, akaanza kukwangua sahihi ya mwanawe kwenye kitabu. Alikwangua taratibu, karatasi isitoboke. Alipomaliza alitandika kitambaa kikavu juu ya ukurasa, akapitisha pasi ya mkaa mara moja tu. Ukurasa ukalala, utadhani pale hapajawahi kuandikwa kitu.

"Tayari?" mkewe aliuliza, macho yake yakiwa dirishani.

"Bado gwanda lenyewe."

Nchi ilikuwa na miezi mitano tu tangu ijitawale, na sare za jeshi jipya hazikutosha: kila askari gwanda moja, basi. Jumatatu wanalileta kufuliwa, wanashinda na fulana na kaptura, kisha Jumanne wanakuja kulichukua na kutia sahihi kitabuni mwa dobi. Wiki ile, Jumatano saa nne asubuhi, Ikulu ilivamiwa. Kufikia saa tisa mapinduzi yalikuwa yameshindwa. Redio ikatangaza kwamba askari wa kambi ile ndio walioasi, halafu ikapiga muziki wa bendi mpaka watu wakaizima wenyewe.

Kambi nzima iliwekwa ndani. Magwanda waliyokuwa wameyavaa yakaletwa kwa dobi, lundo zima, eti yafuliwe. Humo ndimo alimokuta gwanda namba 217, la mwanawe, damu imegandia kifuani. Jamani! Alikaa chini palepale, kwenye maji ya sabuni.

"Mwenye gwanda ndiye aliyekwenda kupigana," alimwambia mkewe. "Asiye nalo alibaki kambini na kaptura yake. Hata mtoto atalijua hilo."

"Mwanangu hawezi kumpindua mtu."

"Siku ya Jumanne alisimama hapo ulipo. 'Baba, nitie mkunjo wa kueleweka, kesho nina kazi ya maana.' Haya niambie, kazi gani hiyo?"

"Si ungemuuliza?"

"Nimuulize nini? Wewe unamjua mtoto uliyemzaa, mama. Huyu wa sasa ni askari."

Mama alichota chumvi na maji ya baridi, akaanza kuisugua ile damu mwenyewe, huku machozi yakimdondokea mikononi. Walikuwa na mtoto mmoja tu. Wengine watatu waliwazika wadogo, na huyu ndiye aliyebaki kuwaita baba na mama.

Dobi alilipiga pasi gwanda, akalifunga lebo ya nguo zilizoletwa Jumatatu, akalipanga kwenye rafu pamoja na ishirini na mawili ambayo wenyewe hawakuwahi kuja kuyachukua. Akarudi nyuma hatua mbili kulitazama. Lilikaa vizuri, kama vile halijawahi kutoka pale.

Jumamosi asubuhi Kapteni wa walinzi wa Ikulu akaingia, kichwa kimefungwa bandeji, mkono mmoja umening'inizwa shingoni.

"Shikamoo, Mzee Pasi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na majeraha."

"Nishapoa." Aliketi kwenye benchi kwa shida. "Mzee, niko kwenye mtihani. Ofisi ya kambi imeungua na karatasi zake zote. Siku ile pale Ikulu moshi ulikuwa mwingi, watu hawakuonana sura, na walipokamatwa walivuliwa nguo zote kabla hatujaandika nani alivaa nini. Sasa huko ndani kila mmoja analia kwamba hakuasi, na kila mmoja anamtetea mwenzake. Kesho wataanza kupigwa risasi, na mimi sitaki kumuua mtu kwa kubahatisha. Ndiyo nikakumbuka kitabu chako."

"Kitabu changu hakijawahi kusema uongo," dobi alijibu.

"Kuna mtu amekigusa tangu Jumatano?"

"Haki ya Mungu, hakuna."

"Utaapa kwa maandishi?"

"Hata sasa hivi."

Kapteni alitoa karatasi ya kiapo, na dobi akaisaini bila kuisoma. Kisha Kapteni akasimama mbele ya rafu, akawa anasoma namba kwenye kola moja moja, anatazama kitabuni, anaandika. Dobi aliifuata ile penseli kwa macho. 198. 204. 211. Ilipofika 217 ikasita. Kapteni aliinama karibu kabisa na ukurasa.

Penseli ikaandika 217.

Nyuma ya pazia Mama alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, asije akapiga kigelegele.

"Ishirini na watatu," Kapteni alisema, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. "Umenitua mzigo, mzee. Serikali haitakusahau."

Dobi alimshika mkono ule mzima, akaubana kwa mikono yake miwili iliyokakamaa kwa sabuni. Alishindwa kujizuia. "Asante, mwanangu. Asante sana. Sasa hawa vijana mtawaachia leo, au ni mpaka kesho? Mama zao hawajala siku tatu."

Kapteni alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mzee aliyeanza kuchanganya mambo.

"Nani awaachie hawa, mzee wangu? Waasi walikuja Ikulu na nguo za kiraia, bunduki wamezificha kwenye magunia ya mboga. Jumanne kambi nzima iliamriwa ichukue magwanda, kesho yake ije kutusaidia kulinda geti. Hawa wako ndio hawakuyachukua. Waliotia sahihi walipigana bega kwa bega na sisi, na hao ndio wanaorudi kwa mama zao leo."