Poda Kavu

Msellem, mpiga mbizi, alimtupia Saumu nguo ya mpira miguuni, ikichuruzika maji. "Nimefika chini kabisa, dada. Kaka yako hayuko kule alikozama. Tumwachie Mungu."

Mama yake Saumu, aliyekuwa ameketi mchangani, akaangua kilio.

Saumu hakulia. Kusuuza vifaa vya wapiga mbizi ndiyo kazi yake. Akafungua bomba, akaigeuza nguo ndani nje, maana mchanga hupenda kujificha huko. Akasita. Poda aliyoinyunyiza mwenyewe asubuhi ili nguo ivalike kwa urahisi ilikuwa imelala vilevile, nyeupe, kavu kama unga.

Mtu akizama na nguo hii, maji ya bahari humwingia hadi kwapani.

"Ulizama wapi, Msellem?"

"Mkondo ulikuwa mkali, dada..."

"Nyamaza! Umeirushia nguo maji ukiwa botini, ukaja kumliza mama yangu!"

Akakunja gauni, akaingiza mguu mmoja kwenye nguo ile, kisha wa pili. Akampa mgongo.

"Funga zipu."

Msellem akaivuta zipu hadi shingoni. Bomba liliendelea kumwaga maji, na hakuna aliyekwenda kulifunga.