Bangili ya Mhina

Utumbo wa mume wangu Mhina ulijisokota, akapasuliwa kwa dharura. Kama wagonjwa wote wa upasuaji wa tumbo, alirudi nyumbani na bangili inayoonyesha hatari yake ya kufa ndani ya siku thelathini. Yake ilisoma nne kwa mia. Majirani walikuja kuiangalia kabla hata ya kumpa pole, nami niliwaonyesha kwa fahari, maana mtaani kwetu bangili haijawahi kukosea.

Inapima mapigo ya moyo, homa na damu. Inapima pia kama mtu wa kumuuguza yupo nyumbani, na aliyeandikishwa kuwa mtu huyo ni mimi.

Siku ya kwanza nilitoka kununua ndizi za kumpikia. Niliporudi nikamkuta anacheka.

"Mama Chausiku, ulipovuka geti tu ikapanda hadi kumi na tisa. Umeingia, imerudi nne."

Nami nikacheka. Mke gani asingependa kuhesabiwa hivyo?

Leo ni siku ya kumi na nane. Kidonda kimekauka, na ugali anakula. Dada yangu anaoza binti yake huko Korogwe, ni siku mbili tu, na begi langu liko tayari.

"Nenda, mama. Mimi nimeshapona," Mhina ananiambia kutoka barazani.

Nimeshika komeo la geti, nikageuka kumpungia mkono. Joto lote hili la Tanga, na yeye amevaa shati la mikono mirefu, vifungo vya mikononi amevifunga vyote, bangili haionekani.