Gunia la Kidoti

Katika mji ule, paka asiyetakiwa alitiwa guniani, akavushwa daraja na kuachwa ng'ambo, asiione njia ya kurudi. Watu wa bondeni nao, walipoamriwa kuhama makwao, walivushwa vivyo hivyo, ndani ya malori yaliyofunikwa turubai, na waliotoa amri ile mpaka leo wanaamkiwa shikamoo.

Daktari wa mifugo alikuwa ng'ambo. Paka wake Bi Mwanakombo, Kidoti, hakuwa amekojoa tangu juzi, tumbo limekuwa gumu, na bibi hakuwa na tenga wala sanduku. Alikuwa na gunia.

Kidoti aliwahi kutupwa. Alirudi mwenyewe, nyayo zimechubuka, ndipo Bi Mwanakombo alipompokea. Sasa aliponusa gunia, alianza kulia kabla kamba haijafungwa.

"Mtupe mbali, bibi, asije akakutangulia nyumbani!" alisema muuza machungwa darajani.

"Nampeleka kwa daktari."

"Daktari wa paka? Mimi jino linaniua mwezi mzima!"

Watu wakacheka. Bi Mwanakombo aliliinamia gunia. "Sikutupi, baba. Wallahi sikutupi."

Lakini aliyekwisha kubebwa gizani kwa maneno matamu atayaamini vipi mengine?

Akalegeza kamba ili paka aione njia, ingawa alijua akimponyoka atakwenda kufia vichakani. Kichwa kikatoka. Kidoti hakukimbia. Aliukamata mkono wa bibi kwa meno, hakuung'ata, hakuuachia, na Bi Mwanakombo akaendelea kutembea hivyo hivyo, katikati ya daraja, magari yakimpigia honi.