Fundo la Kushoto

Sikitu, mwanawe kalala mgongoni, alikuwa akifunga ndoana tatu chini ya kibati kinachozunguka majini kuvutia samaki. Msichana kutoka ng'ambo ya mto akamletea mshipi uliojisokota.

"Dada, nifungulie. Wanasema wewe ndiye fundi."

Sikitu aliugeuza. Kila fundo lilizungushiwa kushoto. Hivyo ndivyo anavyofunga yeye, mwenye shoto, na hajamfundisha mtu mwingine ila mumewe.

"Nani kakufungia?"

"Mchumba wangu. Ananifundisha, ila ananicheka eti nina mkono mzito."

Sikitu akalilowesha fundo kwa mate, akalilegeza taratibu ili ndoana isimchome msichana aliyeinama karibu.

Nje, mumewe alikuwa akivua viatu huku akijiimbia. Msichana akainua uso, akatabasamu.